Mpaka Maji Yarudi

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi, na waliowafuata wakawahimiza watu watembee ili waone. Hata hivyo, ipo safari ambayo mtu huifunga si kwa kutaka kuona, bali kwa kuwa kuna neno alilolisoma vibaya zamani, na neno hilo limekataa kunyamaza. Safari ya namna hiyo haina starehe nyingi. Ina njia ndefu, vumbi, joto, na swali moja linalomngoja msafiri mwisho wa njia.

Mwanzo wa safari hii ni Dunga, ufuo wa wavuvi ulio kandokando ya mji wa Kisumu, mahali ambapo mashua hulala juu ya mchanga asubuhi huku akina mama wakisubiri samaki wakiwa na beseni zao. Hapo ndipo alipolelewa kijana ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili. Katika makala haya ataitwa Mwalimu, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na watu wote isipokuwa nyanya yake. Yeye humwita nyakwara, yaani mjukuu wangu, naye humwita nyanya huyo Dani.

Dani alikuwa na kaka mmoja, mvuvi hodari aliyejua kufuma nyavu akiwa amefumba macho. Mwaka wa 1974 kaka huyo aliaga na kuelekea kaskazini, kwenye ziwa ambalo wakati huo lilikuwa lingali likiitwa Rudolf, jina lililopachikwa na Teleki na msafara wake mwaka wa 1888. Mwaka uliofuata, 1975, ziwa lilipewa jina la wenyeji wake, likawa Turkana. Kwenda huko hakukuwa jambo la ajabu. Tangu miaka ya 1960 uvuvi wa nyavu ulikuwa ukihimizwa miongoni mwa Waturkana, ambao wengi wao ukame uliwapokonya mifugo, na wavuvi pamoja na wachuuzi kutoka Nyanza walifika huko kufundisha, kuvua na kununua samaki wa kukaushwa. Kwa miaka kumi na mitatu hivi habari za kaka ziliwafikia jamaa kwa vinywa vya madereva wa malori. Kisha, mwaka wa 1988, ikaja barua.

Barua yenyewe iliandikwa kwa Kiswahili. Mvuvi hakuwahi kwenda shule, na yule aliyemwandikia hakujua Dholuo. Siku ilipofika nyumbani hapakuwa na msomi mwingine ila mjukuu wa miaka minane, aliyekuwa darasa la pili. Wenzake walikuwa wakimwita nje, kwani mpira wa makaratasi ulikwisha kufungwa kamba. Mtoto akasoma salamu kwa kusitasita. Akasoma habari za samaki na za joto. Alipofika chini kabisa ya ukurasa akakutana na neno moja alilolifahamu vizuri: "Sitarudi." Dani akamuuliza, "Amesemaje?" Mtoto akajibu, "Amesema hatarudi." Akaiweka barua juu ya meza, akakimbilia mpira.

Dani hakulia mbele ya watu. Aliikunja barua, akaitia ndani ya mkebe wa majani chai, na tangu siku hiyo jina la kaka yake halikutajwa tena katika nyumba ile. Mtu aliyewakana wa kwao, ya nini kumtaja?

Miaka thelathini na minne baadaye, mwaka wa 2022, Dani alihitaji cheti fulani cha zamani, naye Mwalimu akaufungua ule mkebe kukitafuta. Barua ikamwangukia mkononi. Akaisoma kwa macho ya mtu mzima, akafika kwenye lile neno, na kwa mazoea ya kusahihisha insha za wanafunzi akaugeuza ukurasa. Nyuma yake paliandikwa: "mpaka maji yarudi. Ghuba imekauka na mashua yangu imekwama matopeni, mbali na ziwa. Deni la nyavu bado lipo. Nitumieni neno moja tu nijue kwamba barua imefika."

Sentensi ilikuwa moja. Sitarudi mpaka maji yarudi. Kila mwaka Mwalimu huyo huwafundisha wanafunzi wake kwamba neno mpaka lina kazi mbili katika lugha: ni kiunganishi kinachoashiria kikomo cha wakati, na ni nomino inayotaja mahali ardhi moja inapoishia na nyingine kuanza. Hakuwahi kufikiri kwamba angeukuta upande wa pili wa maisha yake nyuma ya karatasi hiyo moja.

Siku ile hakumwambia Dani. Alimwambia tu kwamba angependa kujua kaka yake amelala wapi. Bibi kizee yule alimtazama kwa muda mrefu, kisha akashona mfuko mdogo wa kitambaa cheupe, akampa. Miongoni mwa Wajaluo, mtu aliyefia ugenini na kuzikwa huko huweza kurudishwa nyumbani kwa udongo wa kaburi lake. Asiyepatikana kabisa, kama vile aliyezama ziwani, huzikiwa tunda la mwegea, mti unaoitwa yago kwa Dholuo. Tunda hilo refu na zito hulazwa kaburini mahali pa mwili, ili roho isiendelee kutangatanga. Mfuko ule basi ulikuwa na maana yake: ama ungerudi na udongo, ama jamaa wangekwenda kutafuta yago.

Walisafiri mwezi wa Agosti, mwaka wa 2023, shule zilipofungwa. Walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa Mwalimu. Wa pili alikuwa dereva mzee ambaye wote walimwita Jaduong' kwa heshima ya mvi zake, aliyewahi kuendesha malori ya chakula cha msaada hadi Lokichoggio katika miaka ya 1990, wakati vita vya Sudan vilipokuwa vimepamba moto. Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu, mzaliwa wa Turkana, aliyekuwa akirudi kwao kwa likizo. Gari lilikuwa Land Cruiser kuukuu ya Jaduong'. Ndani yake walipakia hema, mikeka, madumu ya maji na ya mafuta, magurudumu mawili ya akiba, koleo, sufuria, unga, sukari, majani chai, na tumbaku kwa ajili ya wazee watakaowapokea.

Muda mfupi baada ya kuondoka Kisumu walivuka mstari wa Ikweta, wakapanda milima ya Vihiga hadi Chavakali, wakashika njia ya Kapsabet. Mwanafunzi, kwa hamu ya usomi wake, akaanzisha mchezo wa kupitisha saa. Alitaka kujua maji yanaitwaje kila mahali wanapopita. Kisumu Wajaluo husema pi. Vihiga, jina la Waluhya lina undugu wa wazi na maji ya Kiswahili, kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu. Kapsabet, mwanamke aliyewauzia ndizi akawaambia kwamba kwa Kinandi ni beek.

"Na kwenu?" Mwalimu akauliza.

"Kwetu ni ngakipi," mwanafunzi akajibu. "Ukiondoa viambishi vya mwanzo, Mwalimu, utasikia nini?"

Mwalimu akalitamka neno polepole. Ngakipi. Pi. Dholuo, Kinandi na Kiturkana ni lugha za Kiniloti, na neno la maji limesafiri nazo tangu zama za mababu waliotengana katika bonde la Nile. Watu waligawana njia, wakagawana ng'ombe na milima, baadhi yao wakaja kupigana, lakini maji hawakuyabadilisha jina sana. Jaduong' akacheka, akasema kwamba yeye amepita barabara hiyo mara nyingi akiomba maji kwa Kiswahili, na hakuna aliyemnyima.

Kapenguria walisimama ili gari lipumue. Wakaingia katika makumbusho yaliyo kwenye jela ya zamani, walimozuiliwa wale sita walioshtakiwa katika kesi iliyoanza mwishoni mwa mwaka wa 1952: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Oneko alikuwa mwana wa Nyanza na mhariri wa gazeti la Ramogi. Rufaa yake ilikubaliwa mwaka wa 1954, lakini serikali ya kikoloni haikumwachilia. Aliendelea kuwekwa kizuizini hadi mwaka wa 1961. Jaduong' alisimama mlangoni pa chumba kimoja, kofia mkononi. "Huyu naye," akasema, "alikuwa na watu nyumbani walioketi wakingoja neno lake." Mwalimu hakujibu kitu.

Kutoka Kapenguria barabara huanza kushuka. Mji huo uko juu ya mita 2,000, ilhali Lodwar iko kwenye takriban mita 500 tu, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo humalizika kabla ya msafiri kupita Marich. Hapo milima ya Cherangany hubaki nyuma kama ukuta, mahindi na migomba hutoweka, na upepo unaoingia dirishani hugeuka kuwa pumzi ya tanuri. Migunga mifupi huchukua mahali pa miti. Hufuata vichuguu virefu vyembamba vilivyosimama kama watu, na mathenge, kichaka cha miiba kilicholetwa kuzuia jangwa ambacho sasa kimejitwalia kingo za mito. Kainuk, mpakani mwa Pokot na Turkana, waliwakuta polisi wa akiba wakiwa na bunduki kwa sababu ya wizi wa mifugo. Jaduong' hakutaka kukawia hapo. Alisema kwamba zamani malori yalisafiri kwa msafara katika sehemu hiyo, na aliyeachwa nyuma hakuwa na wa kumlaumu.

Walipita Lokichar, karibu na mahali mafuta yalipogunduliwa mwaka wa 2012, na jioni ikawakuta njiani kuelekea Lodwar. Mwanafunzi akawaelekeza kwenye awi, yaani boma, la mzee aliyefahamiana na baba yake. Wakaomba ruhusa ya kulala. Mzee wa boma, aliyekuwa ameketi juu ya kigoda ambacho pia ni mto wake wa kulalia, akaitikia salamu yao ya ejoka, akaipokea tumbaku, akawaonyesha mahali pa kukita hema: uwanja wa kokoto uliojaa mawe madogomadogo.

Mwalimu hakuridhika. Hatua mia moja hivi kutoka pale palikuwa na laga, mto mkavu uliotandazwa mchanga laini mweupe kama unga. Alibeba mkeka wake kwenda huko. Jaduong' akamwita kwa sauti kali asiyowahi kuisikia kwake.

"Mwalimu! Huko hapalaliwi."

"Jaduong', hakuna wingu hata moja."

"Wingu haliko hapa. Liko kule tulikotoka. Rudi."

Akarudi kwa shingo upande. Wakapika ugali, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia, wakajilaza. Usiku wa jangwani ni mpana. Nyota zilikuwa nyingi na zilionekana kuwa karibu kuliko taa za mji, na ukimya ulikuwa mzito kiasi kwamba kengele ya ngamia mmoja ilisikika kutoka ng'ambo. Saa saba hivi Mwalimu aliamshwa na mvumo. Alidhani ni lori. Mvumo ukazidi, ukawa kama kishindo cha watu wengi wanaokimbia, na mwezi ulipochomoza nyuma ya kichuguu akayaona: maji ya rangi ya chai ya maziwa yakijaza laga kutoka ukingo hadi ukingo, yakiburuta matawi na mzoga wa mbuzi. Mahali alipotaka kutandika mkeka wake palikuwa kina cha kifua cha mtu. Mvua iliyonyesha milimani mchana ilikuwa imefika bila wingu.

Mzee wa boma alikuwa amesimama kando yake, shuka begani. Akasema maneno machache, na mwanafunzi akayatafsiri: "Anasema maji hayasahau njia yake. Yanaweza kukaa miaka, lakini yakirudi hurudi kwao." Mwalimu alibaki macho hadi alfajiri.

Iliwabidi wangoje hadi saa nne maji yalipopungua ndipo wakaendelea hadi Lodwar, mji wa joto ulio kando ya mto Turkwel. Hapo Kenyatta na wenzake walihamishiwa baada ya kifungo cha Lokitaung. Walijaza mafuta, wakanunua maji, wakashika njia ya Kalokol.

Kabla ya kufika, mwanafunzi akamwomba Jaduong' asimame penye nguzo za mawe kando ya barabara. Waturkana hupaita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Hadithi ya wenyeji inasema kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa kuwa mawe, na kila apitaye huweka kijiwe juu ya nguzo. Wataalamu wa mambo ya kale wanaeleza kwamba maeneo ya nguzo kama hayo yalijengwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hilo yapata miaka 5,000 iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba eneo moja kama hilo, Lothagam Kaskazini, lilikuwa makaburi ya watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo, wakiwa wamezikwa pamoja. Mwanafunzi akataja pia Nariokotome, kaskazini zaidi, ambako mwaka wa 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katika kokoto, na kipande hicho kikaongoza kwenye karibu mifupa yote ya kijana aliyekufa miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Mwalimu aliokota kijiwe, akakiweka juu ya nguzo. Katika nchi hii wafu wa tangu azali walikuwa wamepatikana mfupa kwa mfupa. Yeye alikuwa akimtafuta mtu mmoja tu, wa juzi.

Kalokol ni mji wa upepo na mchanga. Kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1980 kingali kimesimama hapo. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kisha majokofu yake yakanyamaza. Gharama ya kugandisha samaki katika joto kama lile ilikuwa kubwa, na mwishoni mwa mwongo huo Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa samaki wengi, ilikauka. Mbele ya kiwanda, samaki waliopasuliwa walikuwa wameanikwa juani, wale wale waitwao obambla katika masoko ya Kisumu. Mwalimu aliwaona pia mbuta. Ziwani Viktoria samaki huyo ni mgeni aliyeingizwa katika miaka ya 1950 na kuwala wenyeji wake. Turkana ni mzaliwa. Akamwambia Jaduong' kwamba mbuta na kaka wa Dani walibadilishana nyumba.

Waliuliza kwa wachuuzi, kwa mwenye duka na kwa wavuvi vijana. Hakuna aliyejua. Ndipo mwanafunzi akasikia kwamba upande wa Longech, rasi ya mchanga inayoizunguka ghuba, yuko mzee aliyevua na Wajaluo zamani. Wakavuka kwa mashua. Walimkuta ameketi kivulini chini ya mikoma, wavu umetandazwa mapajani, sindano ya mti mkononi, akishona mahali palipochanika. Alikuwa akihesabu macho ya wavu kwa sauti ya chini.

"Achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich…"

Jaduong' alishikwa na mshangao. Mturkana yule alikuwa akihesabu kwa Dholuo. Mwalimu akachuchumaa mbele yake, akamsalimu kwa Kiswahili na kumuuliza ni nani aliyemfundisha kuhesabu hivyo.

"Aliyenifundisha nyavu," mzee akajibu kwa Kiswahili safi cha shule ya misheni. "Alisema wavu ukihesabiwa kwa lugha nyingine hukosea. Nilikuwa mtoto nikaamini. Sasa ni mzee, na mkono umezoea."

"Alikuwa mtu wa Kisumu?"

"Wa Dunga."

Mwalimu akaitoa barua mfukoni, akamkabidhi. Mzee aliisogeza mbali na macho yake, kama wafanyavyo wasio na miwani. Midomo yake ikacheza. Kisha akaiweka juu ya wavu, akailaza kiganja.

"Huu ni mwandiko wangu," akasema. "Yeye alisema, mimi nikaandika. Karatasi ilikuwa moja, kwa hiyo nikaandika pande zote mbili." Akamtazama mgeni wake usoni. "Mbona hamkujibu?"

Swali lilikuwa limesafiri miaka thelathini na mitano, na hapakuwa na mtu mwingine wa kulijibu. Mwalimu angeweza kusema kwamba barua ilichelewa, au kwamba nyumbani hapakuwa na pesa za stempu. Akasema ukweli. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeisoma, kwamba alikuwa na miaka minane, kwamba aliona sitarudi na hakuugeuza ukurasa.

Mzee alikaa kimya. Upepo ulivuma juu ya makuti ya mikoma. Hakusema kwamba si kitu, wala hakulaumu. Hatimaye akasema, "Alingoja. Kila lori lililotoka Kitale alilifuata. Alipokamatwa na homa mwaka uliofuata nikamuuliza kama watu wa kwao ni watu gani. Akaniambia, 'Labda barua haikufika.' Hakuwahi kusema kwamba mlimkataa. Hadi mwisho alisema tu kwamba barua haikufika."

Mwalimu akainamisha kichwa. Kwa miaka yote hiyo jamaa za Dunga walidhani kwamba kaka amewakana, naye kaka, upande wake, alikuwa akiwatetea mbele ya wageni.

Aliomba aonyeshwe kaburi. Mzee akasimama, akatembea nao hadi ukingoni, akanyoosha sindano yake kuelekea ziwani. Alieleza kwamba mwaka ule maji yalikuwa yamekwenda mbali, na mahali mashua ilipokwama palikuwa pamekuwa nchi kavu. Walimzika karibu na mashua yake, kwa kuwa ndivyo alivyoomba. Baada ya miaka maji yakarudi katika ghuba. Tena mnamo mwaka wa 2020 yakapanda kuliko walivyowahi kuyaona wengi wa vijana, yakazifukuza nyumba na kuizamisha mikoma. Mwaka huo huo Ziwa Viktoria nalo lilifurika, na Dunga watu walihama nyumba zao wakibeba vitanda vichwani. Mwalimu aliyakumbuka hayo vizuri. Maziwa mawili yasiyokutana yalikuwa yamejaa kwa pamoja.

"Yuko pale," mzee akasema. Mahali alipoonyesha palikuwa na maji ya kijani kibichi, na mashina mawili ya mikoma iliyokufa yakitokeza juu yake. "Alisema atarudi maji yakirudi. Maji yamerudi. Yeye ndiye aliyetangulia."

Udongo haukupatikana. Mfuko mweupe ukabaki mtupu. Usiku huo walikita hema mchangani, upepo wa Turkana ukilipiga kofi hadi asubuhi, na mzee akaketi nao akiwasimulia jinsi mtu wa Dunga alivyowakuta watu wakivua kwa vikapu na mikuki katika maji ya kina kifupi, akawafundisha kutega nyavu usiku, naye akafundishwa nao kustahimili kiu. Walipoagana, mzee hakuwapa kumbukumbu yoyote. Sindano ile alihitaji kuifanyia kazi. Aliomba jambo moja tu, lile lile lililoandikwa katika barua.

Safari ya kurudi ilichukua siku mbili. Walipofika Dunga, Mwalimu aliketi kwenye kigoda mbele ya nyanya yake, akamrudishia mfuko mtupu, akamweleza yote, hata lile la ukurasa. Alilieleza kwa Dholuo, lakini lile neno mpaka akalitaja kwa Kiswahili, kwa sababu ndimo kosa lilimotendeka.

Dani alinyamaza kwa muda uliotosha chai kupoa. Kisha akasema, "Nisomee."

"Dani, nimekwisha kukueleza."

"Umenieleza. Hujanisomea. Nisomee mpaka mwisho."

Akaisoma tangu salamu. Akasoma habari za samaki na za joto. Akasoma sitarudi, akaugeuza ukurasa, akaendelea hadi nukta ya mwisho. Mwanamke yule aliyefunga kinywa tangu mwaka wa 1988 akalitaja jina la kaka yake kwa sauti, mara moja, na majirani waliokuwa nje wakalisikia.

Wiki mbili baadaye jamaa walilizika yago. Wazee waliamua kwamba aliyelazwa chini ya ziwa ni sawa na aliyezama. Tunda lililazwa kama mtu alazwavyo, watu wakalia, wakala, wakatawanyika. Mfuko mtupu nao ukazikwa humo.

Darasani, Mwalimu amekuwa mkali juu ya jambo moja. Mwanafunzi akiombwa kusoma kwa sauti, haruhusiwi kusimama kabla ya nukta, hata kengele ikilia. Baadhi yao humwona kuwa msumbufu. Hajawaeleza sababu.

Jioni ya mazishi yale, wageni walipokwisha kuondoka, Dani alimwita mjukuu wake na kumwambia alete karatasi. Akamwuliza kama yule mzee wa Longech angali anasoma Kiswahili. Mwalimu akajibu kwamba anasoma, ingawa kwa kuisogeza karatasi mbali. Basi Dani akamwambia aandike kwa herufi kubwa, upande mmoja tu wa karatasi. Alifikiri sana kuhusu maneno ya kutuma. Mwishowe akayaacha yote, akachagua mawili.

"Andika," akasema, "barua imefika."